Chui Asiyeguswa

Alikuwako askari wa wanyama aitwaye Nimwaka, mwanamke mpole mwenye maswali mengi. Siku moja mkuu wa hifadhi, Bwana Kidzuga, alimwita ofisini.

"Palahala ni swala waliobaki wachache, na chui anawamaliza ndama wao. Akila mwingine, huna kazi. Na chui naye ukimgusa, utafungwa, maana sheria inawalinda wote."

"Sawa, mzee. Na nikikuta mali isiyo na kibali humu hifadhini?"

"Ni yetu. Ifanyie upendavyo, usinisumbue."

Wiki mbili zikapita. Ndama wote walikuwa wazima, na chui alinenepa mpaka akawa mvivu wa kuwinda. Bwana Kidzuga alifurahi mno.

"Kwani umemlisha nini?"

"Mbuzi, mzee. Niliwakuta bondeni wakila majani ya hifadhi, hawana kibali."

Tabasamu la mkuu lilififia. "Mbuzi wa namna gani?"

"Weupe, wamekatwa ncha ya sikio la kushoto. Kama unamjua mwenyewe, nitajie jina lake niliandike kwenye ripoti."

Bwana Kidzuga alikohoa, akatazama dirishani. "Simjui."

"Basi wamebaki wanne," alisema Nimwaka akivaa kofia yake. "Naomba ruhusa, mzee, chui hajala tangu juzi."