Mlima Uliovuliwa Nguo

Nasimulia, mnaitika? Itikeni basi!

Nyamizi mfinyanzi alichimba udongo mlimani bila kubisha hodi. Zimwi la mlima likamdaka mwanawe.

"Mama we, umenitoboa ubavu! Ndani nimevaa nguo gani? Ukikosa mara tatu, huyu namla."

"Nyeusi."

"Wapi!"

"Nyeupe."

"Wapi!" Likacheka, mawe yakaporomoka.

Mimi hapo ningebahatisha tena, Mungu anisamehe. Nyamizi alipiga magoti: "Mola, sijui. Nimekosa, nimechimba bila kuomba."

Ikanyesha mvua ya miaka elfu kwa alasiri moja. Maji yakaukata mlima kama uzi ukatavyo udongo, upepo ukapangusa vumbi. Lo! Chini kabisa matope mekundu ya ziwa lililokauka, juu yake mchanga wa manjano, juu yake majivu ya volkano.

"Ulianza na nyekundu," akasema Nyamizi, "ukavalia manjano juu yake, ukamalizia kijivu."

Zimwi likaona haya, likamwachia mtoto, likaganda kuwa jiwe.

Nyamizi akamkumbatia mwanawe, macho yasibanduke mlimani. "Miaka yote nachimba hapa," akanong'ona, "kumbe sijaona kitu."

Ngano imetua, nami nimetua.