Bibi Harusi Yuko Njiani

Hapo zamani za kale, kobe alipokuwa bado hajajifunza kuharakisha, na mpaka leo hajajifunza, wanyama wa bonde la Mkungwi waliishi kama watu. Walikuwa na nyumba, vyungu, majirani na umbeya. Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, maana hadithi hii ina kelele zake yenyewe.

Katika bonde hilo alikaa mjane mmoja, Siwatu Digidigi, na binti yake mdogo Kibibi. Siwatu alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa akili, tena mwoga. Woga wake haukuwa wa bure. Masika yaliyopita mto ulifurika mchana kweupe, kila mtu akakimbia kivyake. Jumbe Kifaru, mkuu wa bonde, alitaka awe wa kwanza kufika kilimani. Alipofika kwenye mlango wa njia, pale penye mawe mawili, akanasa katikati, kwaa, kama kizibo kwenye chupa. Mbele haendi, nyuma harudi, na nyuma yake bonde zima linasukumana. Siwatu akakosa pa kupita. Alisimama juu ya kichuguu maji yakimfika magotini, Kibibi yuko mgongoni, na chakula chao kilikuwa jani moja lililolowa.

Tangu siku hiyo, wingu likichomoza tu, magoti ya Siwatu yaligongana, ka-ka-ka-ka. Jirani akimwaga maji ya kuoshea vyombo, yeye yuko juu ya kabati. Kila mara alikimbilia mtoni kutazama, akarudi, akakimbilia tena. Mwisho Kibibi naye akaanza kugonga magoti yake madogo, ki-ki-ki, kwa kumwiga mama. Hilo lilimuuma Siwatu kuliko mafuriko yenyewe.

Basi akaenda kikaoni kwa Jumbe. Akaomba watu wakubaliane njia ya kupita, waweke chakula na maji safi katika pango la kilimani, na mtu mmoja apige ngoma mto ukianza kupanda. Kisha Bwana Nyati akajikohoza.

"Mama Kibibi," akasema, "mbona unatuchuria? Ukiyataja maji, unayaita."

Wote wakatikisa vichwa kwamba kweli, huo ni uchuro mtupu. Jumbe Kifaru naye akatangaza kwamba mafuriko yakithubutu kurudi atayapiga pembe moja tu, yatajuta. Akapigiwa makofi. Mama Ngiri, aliyekuwa na watoto wengi hata majina mengine alikuwa ameyasahau, akamshauri Siwatu anywe maji ya ndimu, hofu itashuka.

Siwatu alitoka pale na aibu iliyochanganyika na hasira. Njiani akamkuta Mzee Shomari Kobe ameketi kizingitini mwake. Mzee huyu alikuwa kapera tangu wazee wa bonde wakiwa watoto, na masika yale alielea kichalichali mpaka shamba la mihogo la watu wasiomjua. Siwatu akamweleza yote, akamuuliza kama kuna mwito wowote ambao watu wa Mkungwi hawajawahi kuukataa. Mzee Shomari akafikiri. Alifikiri mpaka kivuli kikahama. Akasema ni harusi tu.

Siwatu akamtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu.

"Mzee Shomari," akasema, "wewe unaoa."

"Namwoa nani, mwanangu?"

"Hakuna mtu."

"Ah," Mzee Shomari akashusha pumzi. "Huyo nitammudu."

Siku ile ile Siwatu akaenda kwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na siri ndogo. Akamnong'oneza kwamba Mzee Shomari amepata mchumba, ila asimwambie mtu. Prrrr! Uji wa Siwatu haujachemka, habari imeshavuka kilima na kwenda hata kule kusikohitajika.

Na kamati ikaundwa. Wajumbe wake walikuwa wale wale wa kikao cha uchuro, ila safari hii walifika kabla ya wakati na viti vyao mkononi. Mama Ngiri akauliza swali la maana, yaani sherehe ni siku gani.

"Siku atakapofika bibi harusi," Siwatu akajibu.

"Na atafika lini?"

"Ni kobe, shoga yangu. Anatoka ng'ambo ya mlima, kwa miguu. Yuko njiani."

Anaweza kufika kesho, anaweza kufika mwakani. Kwa hiyo, Siwatu akawaeleza, lazima kila nyumba ikae tayari wakati wote, kwa sababu kwa mila za makobe, bibi harusi hapokelewi bondeni. Hupokelewa kilimani, pangoni, na wageni wakawe huko kabla yake. Ngoma ikilia, mtu aache alichoshika, apande.

Michango ikaanza kupanda kilimani. Makopa ya muhogo, mchele, mtama, maharage, mitungi ya maji yenye vifuniko, kuni kavu, mikeka, majani ya mwarobaini kwa atakayeugua tumbo kwa ubwabwa wa kupindukia. Bwana Nyati, ambaye hakuwa tayari kuchangia hata punje kwa ajili ya mafuriko, alibeba magunia mpaka shingo ikapinda. Alitaka isemwe kwamba hakuna aliyechanga kumshinda.

Yakaja mazoezi ya msafara. Hapo ndipo Siwatu alipotunga mila za kobe hata Mzee Shomari mwenyewe akawa anashangaa jinsi ukoo wake ulivyo na mambo. Watoto wa Mama Ngiri walivishwa njuga miguuni, ili wasipotee. Bwana harusi haruhusiwi kukanyaga chini, kwa hiyo Nyati atambeba mgongoni. Wadogo watangulie, wakubwa wafuate.

Jumbe Kifaru akakunja uso. Alisema mkuu wa bonde hajawahi kutembea nyuma ya panya.

"Jumbe wangu," Siwatu akamwambia kwa unyenyekevu, "kwa makobe, mwenye heshima ndiye anayengojewa. Anayefika kwanza ni mpishi."

Kifaru akalitafakari hilo. Tangu siku hiyo akawa anakwenda wa mwisho kabisa, tena anamkaripia mtu yeyote aliyetaka kumnyang'anya nafasi hiyo. Akafundishwa na adabu ya kupita kwenye yale mawe mawili, ambayo ni kuingia kiubavu, tumbo ndani, pumzi umeibana, macho mbele kwa maringo. Mara ya kwanza alinasa. Mara ya pili alinasa kidogo. Baadaye akapita, fyuu, kama uzi kwenye tundu la sindano, na akawa anarudi kupita tena bila kuombwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo. Siwatu alikuwa amewadanganya wenzake, lakini mwili wake ndio uliotulia kwanza. Siku ya mtungi wa kwanza kufika pangoni, alilala mpaka jua likamchoma pua. Pale mtoni akachagua jiwe la kufulia liwe alama yake. Jiwe likionekana, anarudi kupika. Likifunikwa, anapiga ngoma. Hakukimbia-kimbia tena. Mawingu yalipita, na magoti yaligonga ka, mara moja, yakaacha. Kibibi alisahau kabisa mchezo wa ki-ki-ki, akahamia mchezo wa kuwa bibi harusi, akajifunika kanga na kutembea polepole mpaka analala njiani.

Wengine nao walibadilika bila kujua. Mama Ngiri akayakumbuka majina yote ya wanawe, kwa kuwahesabu kila mazoezi. Nyati aliacha kupiga kelele usingizini. Lakini subira ina mwisho. Nyati akaanza kunung'unika kwamba huyo bibi harusi anatambaa au anachimba. Akamkumbusha Mzee Shomari kuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mzee Shomari akamjibu kwamba mwenda pole hajikwai, akaomba aongezwe uji.

Alasiri moja mawingu yalikaa juu ya milima, kule chanzo cha mto, meusi kama masizi. Bondeni hakukuwa na tone. Watu walikuwa wanaanika mtama. Siwatu akashuka kuchungulia jiwe la kufulia.

Jiwe halikuwepo.

Magoti yakaanza, ka-ka-ka-ka. Sitawadanganya, aliogopa sana. Lakini safari hii miguu ilijua inakokwenda. Ilimfikisha kwenye ngoma kabla kichwa hakijamaliza kuogopa.

Ndu! Ndu! Ndu-ndu-ndu!

"Amefika!" bonde zima likapiga mayowe. Vigelegele vikapaa. Watu waliacha mtama, wakavaa vya kupendeza, wakashika nafasi zao. Panya na sungura mbele, Kibibi kati yao na kanga yake. Watoto wa Mama Ngiri nyuma, chaka-chaka-chaka. Nyati akafuata na bwana harusi mgongoni, mzee ameshikilia pembe na anapungia mkono watu wasiokuwepo. Mvua ikashuka kwa kishindo hata mtu asione pua yake, lakini njuga zilisikika, na kila mtu alifuata njuga.

Wa mwisho kabisa alikuwa Jumbe Kifaru, anakwenda kwa madaha. Siwatu alisimama juu ya jiwe moja la mlango wa njia akimngoja, na nyuma ya Jumbe aliona kitu cha rangi ya udongo kinakuja kinakula nyumba. Alitamani kupiga ukelele. Akajizuia, kwa kuwa Jumbe akishtuka atanasa.

"Jumbe wangu," akasema polepole, "tumbo ndani, pumzi ibane. Wakwe wanatazama."

Kifaru akageuka kiubavu. Maji yakamlamba mkia, chubwi, naye akadhani ananyunyiziwa marashi, akatabasamu. Fyuu, akapita.

Pangoni palikuwa pakavu. Moto ukawashwa, mikeka ikatandikwa, ubwabwa ukapandishwa. Hapo ndipo Nyati alipotoka mlangoni kuangalia kama mgeni anaonekana, akatazama chini. Hakukuwa na bonde. Palikuwa na maji tu, na paa la nyumba yake likisafiri peke yake.

Akarudi ndani taratibu. "Mama Kibibi," akauliza, "bibi harusi yuko wapi?"

"Hakuna bibi harusi," Siwatu akajibu. "Nilipowaambia kweli mkasema nachuria. Nikawaambia uongo, mkaja na viti."

Mzee Shomari akaingiza kichwa ndani ya gamba, asije akaulizwa. Mama Ngiri akahesabu wanawe, akawahesabu tena, wote walikuwepo, akaanza kulia. Wote wakamtazama Jumbe, maana yeye ndiye mwenye haki ya kukasirika kwa niaba ya wengine.

Jumbe Kifaru alikuwa anatazama mkia wake uliolowa.

"Tangu masika yale," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, "mimi nilikuwa nalala nimesimama. Nikifumba macho najiona nimenasa, na ninyi nyote nyuma yangu. Lakini tangu harusi hii ianze, nalala chali." Akajifuta pua. "Ubwabwa umeiva?"

Ulikuwa umeiva. Wakala, wakaimba nyimbo za harusi ambazo walikuwa wamezifanyia mazoezi, maana ni aibu kuziacha zioze. Mvua iliendelea mpaka ikachoka. Hakuna aliyelala na njaa, hakuna aliyeumwa tumbo isipokuwa Nyati, na mwarobaini ulikuwepo.

Maji yalipopungua, wakajikusanya mlangoni washuke wakajenge upya. Hapo ndipo Kibibi alipomvuta mama yake kanga na kunyoosha kidole upande wa pili wa kilima. Kitu kidogo cha duara kilikuwa kinapanda. Kinapanda, kinapumzika. Kinapanda. Bonde zima likakaa chini kukingoja.

Alikuwa kobe wa kike, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na furushi limefungwa juu ya gamba lake.

"Hodi," akasema akihema. "Samahanini kwa kuchelewa. Hondohondo alisema mnaningoja. Bwana harusi ni yupi?"

Ka-ka-ka-ka, yaligonga magoti ya Siwatu. Hilo hakuwa amejiandaa nalo hata kidogo. Wote wakageuka kwa Mzee Shomari, na Mzee Shomari hakuwa na kichwa, wala miguu. Lilikuwepo gamba tu.

Baada ya muda mrefu, pua ikachomoza. "Umebeba nini?" gamba likauliza.

"Maji," akajibu bibi harusi. "Makopa kidogo, mkeka mkavu na kibiriti. Safari ni safari, baba, huwezi kujua."

Kichwa cha Mzee Shomari kikatoka chote. Kikamtazama yeye, kikalitazama furushi, kikamtazama Siwatu.

"Mama Kibibi," akasema, "iite tena kamati."

Basi wajukuu zangu, hofu haifukuzwi kwa maneno makubwa: weka mtungi wako mahali pa juu mapema, ulale.