Majani ya Lesi ya Nakijwa

Mwanamke mmoja wa milimani alikuwa na sanduku la nyuzi. Jina lake Nakijwa. Mama yake, Bibi Namkunda, alimfundisha tangu usichana kufuma majani ya lesi: uzi unazungushwa kwenye kijiti bapa, unafungwa fundo, unavutwa, fundo baada ya fundo, mpaka jani linajikunja lenyewe kidoleni. Hapakuwa na bibi harusi kijijini ambaye shela lake halikupita mikononi mwa Bibi Namkunda.

Lakini Nakijwa alipenda nyuzi kuliko kufuma. Kila gulio alirudi na madonge mapya, ya pamba na ya hariri, kijani cha mgomba, kijani cha majani ya chai. Akanunua shanga, mikasi midogo, vijiti vya mfupa. Sanduku likajaa, akaongeza kabati. Wageni walipokuja aliwafungulia milango yake, nao wakamsifu.

Macho ya mama yakaanza kufifia. Akamwomba binti yake amfumie kitambaa cha kichwa chenye majani, akione angali anaona. Nakijwa aliitikia kwa moyo mweupe, maana alimpenda mama yake. Tatizo ni kwamba uzi huu aliuona mzito, na ule umepauka. Akasubiri utakaofaa. Masika yakapita, mavuno yakapita. Mama hakukumbusha tena. Asubuhi moja akamimina chai pembeni mwa kikombe, ikamwagika mezani, naye akaendelea kumimina. Hapo Nakijwa akajua.

Siku hiyo hiyo akatoa hariri bora kuliko zote, akaketi kufuma. Vidole vilikuwa vigumu. Mafundo yalikataa kuteleza. Jani lilipotoka akaliweka kiganjani mwa mama, na mama akalipapasa taratibu, ukingo mpaka ukingo.

"Uzi huu ni mzuri sana, mwanangu," akasema. "Lakini mkono wako mbona siusikii?"

Nakijwa akalia. Mama hakumkemea. Alimshika vidole, akaanza naye fundo la kwanza, kama alivyofanya zamani. Wakafuma hivyo, asiyeona akimwongoza anayeona, mpaka mvua za vuli zilipomkuta Bibi Namkunda kitandani, naye akafariki. Kitambaa kilikuwa hakijafika nusu. Wanawake wakamfunika nacho kichwani vivyo hivyo, nyuzi zikining'inia.

Baada ya matanga Nakijwa aliwaita wasichana wa kijiji, akawagawia kabati zima, akawafundisha. Leo wako wanaofuma vizuri kumshinda. Lakini yule aliyeomba hakuona hata jani moja.

Ndugu zangu, ninyi mnaowawekea wapendwa wenu mema mpaka mpate yaliyo bora zaidi: nyumbani kwenu ni nani ambaye bado anaona?