Asumini za Bi Mwanakheri

Asubuhi hii shemeji yangu Kazija amenikuta nimechuchumaa uani kwake, nang'oa bamia zake changa kwa bidii ya mtu anayengoja kushukuriwa. Mimi nilidhani magugu. Mtu niliyekula ubwabwa Ngazija na kutetemeka kwa baridi ya Ulaya, nimeshindwa na jani la bamia. Majirani wakaja kunitazama kama watu wanavyokwenda kumtazama papa aliyekwama ufukweni. Kazija akanikokota hadi barazani, akaniambia kazi yangu leo ni kukaa na kusema, maana maneno yangu hayajawahi kung'oa kitu. Basi nikasema.

Hapo zamani, wanaume walipokuwa hawajajua kwamba wanachekwa, alikuwapo mjane mmoja, Bi Mwanakheri. Uani kwake hapakuwa na mti wala kivuli cha maana. Jua ndilo lililokuwa mgeni wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Alipomaliza eda alitamani kujipamba kwa kikuba cha asumini, kile kishada cha kifuani, tena asumini zake mwenyewe, si za kubisha hodi kwa jirani. Kila alichopanda kikakauka. Na wachumba watatu walikuwa wakimganda mlangoni. Akawaambia mbele ya mtaa mzima: atakayezifanya asumini zichanue hapa kwangu, huyo ndiye atakayenioa. Na katika mji ule, neno likishatoka mbele ya watu halirudi ndani.

Akaja Vuai, na mkeka na mwavuli. Alikaa uani kutwa, analifuata jua kwa macho na kuchomeka vijiti. Akasema asumini zikae katikati, penye jua la asubuhi hadi jioni, ndilo zinalolipenda; mrehani wa kutia kikubani ukae karibu na ukuta, upumzike alasiri. Akakunja mkeka, akaenda zake. Jembe hakuligusa, lisije likamzoea.

Akaja Faki, na jembe. Alichimba penye vijiti, akatia samadi ya mbuzi, akapanda, akatandaza makumbi ya nazi mashinani ili unyevu usikimbie. Akafuta jasho pale pale ambapo mjane angemwona, akaenda zake kushona kanzu ya harusi.

Akaja Mcha, na ndoo. Alfajiri alimwagilia, jioni alimwagilia. Miche ikashika. Lakini Mcha alikuwa na huruma iliyozidi kipimo. Alipoona jua la kaskazi linavyoyapiga majani, machozi yakamlenga. Akajenga kipaa cha makuti juu yake. Asumini zikanenepa. Zikatoa majani, zikatoa majani, zikatoa majani. Ua hata moja.

Vuai alipita, akayaona makuti, akalijua kosa. Akanyamaza. Kwa nini amfundishe mwenzake kuoa?

Mtaa ukaanza kumcheka Bi Mwanakheri, kwamba kikuba chake atakivaa mbuzi. Ijumaa moja Mcha alipokuwa msikitini, Faki akaingia kwa wivu wake, akayabomoa makuti yote. Alisikika akisema ziungue, tuone huyo atamwagilia nini.

Jua likaingia. Asumini hazikuungua, mizizi ilikwisha shuka na udongo ulikuwa umeshiba maji. Siku si nyingi zikachanua zote kwa pamoja, harufu ikaruka ukuta, hata wazee waliokuwa wakitoka kuswali wakawa wanasimama njiani na kusingizia mwiba.

Wachumba wakafika mlangoni, kanzu zimepigwa pasi.

"Nani alisema jua?" Vuai aliuliza. "Jua limefanya kazi. Basi kazi ni yangu."

"Jua lilikuwapo kabla yako, na hapa palikuwa jangwa," Faki akamjibu. "Mkono uliopanda ni huu. Mkono uliofunua ni huu huu."

"Ulifunua ili ufe mmea," Mcha akasema. "Haukufa kwa sababu ya maji yangu. Nyinyi mlikuwa wapi kila alfajiri?"

"Na aliyeufungia gizani ni nani?" wakamwuliza wote wawili.

Bi Mwanakheri akasimama kizingitini, kikuba kifuani. Neno amelitoa, majirani wamejaa ukutani kama kunguru, na mmoja wa hawa atakula naye na kukoroma naye maisha yake yote. Wa kwanza alijua, akanyamaza. Wa pili alipanda, kisha akataka kuua. Wa tatu alipenda, na mapenzi yake yakaziba njia.

Hapo nikawageukia wasikilizaji, kama wafanyavyo wajuzi: je, nani alistahili kumwoa?

Baraza ikagawanyika. Kinamama wakamtaka Mcha, mzee mmoja akamtetea Vuai kwa kuwa naye hapendi kuchafuka, na mvuvi wa pembeni akasema Faki angalau anafanya kitu. Nami nikakohoa, tayari kutoa hukumu ya mtu aliyetembea. Kazija alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Maua si yamechanua, shemeji? Basi mume wa nini?"