Nyumba Nafuu ya Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipolipa kodi na kunung'unika kama sisi, Mfalme Simba alitangaza tozo mpya: kila anayekata nyasi atoe fungu, zijengwe nyumba nafuu za wasio na makao.

Bi Nguchiro alilipa. Alikata nyasi hadi viganja vikachubuka, huku yeye na wanawe wakilala chini ya jiwe. Kila akiuliza, Fisi, waziri wa makazi, alimjibu, "Subira, mama! Mchakato unaendelea."

Uliendelea kweli. Nyumba ikasimama kilimani, paa nene, veranda pana. Na nani anaota jua verandani? Fisi!

"Bwana Waziri, hiyo si nyumba yetu?"

"Naijaribu tu, nione kama inavuja," akasema Fisi akibeua.

Bi Nguchiro alichemka kwa hasira. Kitindamimba wake alikuwa anakohoa, kho! kho!, na mawingu yalishatanda. Lakini akatabasamu.

"Hongera basi! Kesho Mfalme anakuja kuizindua. Atapiga hodi, na atakayeitika ndiye mwenyeji, kama desturi yetu. Ila nasikia anasema mwenye nyumba nafuu ni maskini, na maskini hali nyama ya ikulu. Atapewa uji wa msaada."

Fisi akaruka. "Uji? Mimi? Bila hata mfupa?"

"Hata mchuzi hutaunusa."

Kesho yake ngoma zikalia, ti! ti! ti! Simba akasimama mlangoni. "Hodi!"

Fisi, puu! chini ya kitanda, mkono mdomoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mfalme!" Bi Nguchiro, aliyekuwa amepenya mlango wa nyuma na wanawe, akafungua.

"Mnaona? Serikali yangu hutimiza ahadi!" Simba akajisifu. Wapambe wakapiga makofi, pa! pa! pa! "Na nani huyo anatetemeka chini ya kitanda?"

"Waziri wako, Mfalme. Anakagua sakafu."

"Ebo! Waziri, nyumba hii ya nani?"

Fisi akatoa kichwa, macho yamemtoka pima. Akaufikiria ule uji. "Ya... ya huyu mama, Mfalme. Mimi nakagua tu."

Mvua ikashuka, shaaa! Ndani, kitindamimba alilala bila kukohoa. Nje, Fisi alikwenda zake akiloa chapachapa.

Basi wanangu, nyumba iliyojengwa kwa jasho la wanyonge ina wenyewe, na siku ya hodi wataitika.