Maji Moto wa Shamba la Bi Nangumbi

Hapo zamani, zamani ambayo kwa mkorosho ni juzi tu lakini kwa binadamu ni umri mzima, palikuwa na mjane mmoja jina lake Bi Nangumbi. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza. Ulimi wake haukupooza hata kidogo. Alikuwa na shamba la mikorosho arobaini na sita, aliyoipanda na marehemu mumewe kwa mikono yao wenyewe. Alikuwa pia na watoto watatu. Wa kwanza ni Likwati, mwanamume wa miraba minne. Wa pili ni Somoe, aliyeachwa na mumewe akarudi kwao na mkeka na sufuria mbili. Wa mwisho ni Mnali, aliyefiwa na mkewe, na tangu msiba ule watu wakamwita mvivu.

Ngoja nimshike Somoe kwanza, maana ndiye aliyeanza.

Mwaka mmoja mikorosho ilichipua vizuri, kisha machipukizi yakakauka kana kwamba yamebabuliwa na moto. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu hata maua yalinyauka kabla hayajashika. Aliyefanya hayo ni mdudu mwembamba, miguu kama nyuzi, ambaye watu wa huko humwita mbu wa mikorosho. Huyo hana haja na damu ya mtu. Hunyonya utomvu wa chipukizi, na pale alipochoma hubaki doa jeusi. Doa likikua, chipukizi hufa.

Bi Nangumbi akawaita wanawe.

"Nimechoka kulisha wadudu," akasema. "Mvua zimekwisha. Mikorosho hii isipozaa msimu huu, namwita mchoma mkaa aikate yote, na kila mtu atafute pa kwenda. Lakini mmoja wenu akiiponya, shamba ni lake. Lake peke yake! Baba yenu aliniapisha akiwa kitandani kwamba shamba hili halitakatwa vipande, na kiapo chake mimi sikivunji."

Likwati akasema, "Mama, mti uliokwisha umekwisha."

Mnali akainuka, akarudi kwake.

Somoe akawaza: Likwati ana nyumba na mke. Mnali ana kibanda chake. Mimi nina mkeka. Akafunga kibwebwe, akaenda shambani.

Siku tisa alizunguka mti kwa mti, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu. Mti wa kwanza, madoa. Mti wa pili, madoa. Mti wa kumi, madoa. Siku ya tisa akafika mpakani, kwenye mkorosho mmoja ambao watu waliukwepa kwa sababu ulijaa maji moto. Maji moto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti yakiwa bado mabichi, wakajenga viota huko juu. Ukiugusa mti wao hukushukia shingoni, wakaingia kifuani, na hapo huhitaji kuelezwa jina lao limetoka wapi.

Alimkuta Likwati ameshika kijinga cha moto.

"Sogea, Somoe, niwachome hawa. Jana wamemng'ata mke wangu."

"Kaka, tazama juu kwanza."

"Kuna nini?"

"Wewe tazama."

Likwati akatazama. Machipukizi ya mti ule yalikuwa mabichi, mororo, hayana doa hata moja. Wakati huohuo mbu wa mikorosho akaja akatua. Kabla hajakita mdomo, maji moto mmoja akamdaka mguu, wa pili bawa, wa tatu na wa nne wakamvuta huku na huku kama watu wanaoburuta gogo. Wakampeleka kiotani.

"Hao unaotaka kuwachoma ndio walinzi," akasema Somoe. "Nataka niwahamishie katikati ya shamba."

"Utawahamisha kwa nini, kwa mwiko?"

"Kwa magunia. Na mbebaji ni wewe."

Likwati akacheka mpaka kijinga kikamponyoka. "Mimi siamini hata kidogo," akasema. "Lakini umeniomba, nitabeba."

Kesho yake alfajiri, chungu wangali wazito kwa umande, wakakata matawi yenye viota. Somoe alikuwa na magunia mawili. Moja zima. La pili limechakaa kitakoni, nyuzi zimeanza kuachana. Alilitazama, akasema moyoni, safari ni fupi. Akalijaza viota, akamtwisha kaka yake.

Nusu ya njia, gunia likapasuka.

Maji moto wakamwagika kichwani, masikioni, machoni. Mtu mwingine angelitupa akakimbia. Likwati hakulitupa. Alilishusha kifuani, akalikumbatia pale lilipopasuka, akaendelea kutembea, hatua kwa hatua, akiguna kama mtu aliyebeba jiwe la kusagia, mpaka akafika katikati ya shamba. Hapo ndipo alipoanguka.

Uso wake ulivimba siku sita. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu, na ukungu ule haukuondoka tena.

Somoe alikaa kando ya kitanda chake akilia. "Nililiona lile gunia, kaka. Niliona kuwa limechakaa."

"Chungu wamefika?"

"Wamefika."

"Basi nyamaza."

Lakini kufika si kukaa. Chini ya mikorosho ya Bi Nangumbi palikuwa peupe kama uwanja wa nyumba, hapana hata jani, kwa maana ndivyo alivyowafundisha wanawe: shamba safi ni heshima ya mwenye shamba. Katika ardhi ile tupu waliishi sisimizi weusi wenye vichwa vikubwa. Siku ya nne sisimizi wakapanda mitini, mistari kwa mistari, wakaingia viotani. Somoe alisimama pale na tawi la majani, akiwafagia. Akifagia mti huu, wanapanda ule. Akifagia ule, wanapanda huu. Siku ya kumi hapakubaki maji moto hata mmoja katikati ya shamba. Waliobaki ni wale wa mti wa mpakani tu.

Majirani wakacheka. "Jicho la kaka limekwenda, na chungu wamekwenda!"

Katika siku zilezile akaja mjumbe kutoka kwa mume aliyemwacha. Alikuwa baba mdogo wa yule bwana, mtu mpole.

"Mwanangu," akasema, "mumeo amejuta. Talaka yenu ni moja, mlango haujafungwa. Nyumba ipo, jiko lipo. Ila anataka urudi sasa, kabla mwezi haujaandama."

Somoe aliinamisha kichwa. Aliikumbuka nyumba ile, na kisima chake kilichokuwa karibu na mlango. Alimkumbuka mume, ambaye hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu.

"Mwambie ahsante, baba. Mwambie nina kazi shambani."

"Kazi gani, mwanangu? Nasikia chungu wote wamekufa."

"Mwambie nina kazi."

Mwezi haujazeeka, mume yule akaoa mke mwingine. Somoe alipopata habari alikaa chini kwa muda. Kisha akainuka, akafunga kibwebwe, akarudi shambani.

Huko akamkuta Mnali anamsubiri. Mnali, ambaye hakuwa amebeba hata kiota kimoja.

"Dada, njoo uone kwangu."

Kwake kulikuwa pembe ya shamba iliyopakana na ule mti wa mpakani. Jembe halikupita pale kwa miaka miwili. Marehemu mkewe, Esha, alikuwa amepanda mistafeli mitano katikati ya mikorosho. Alipokufa, Bi Nangumbi aliamuru pembe ile ifyekwe yote. Mnali akasimama mbele ya mistafeli na panga mkononi, akasema, "Anayetaka kuikata aanze na mkono wangu." Tangu hapo nyasi zikaota, vichaka vikaota, na jina la mvivu likaota pamoja navyo.

Somoe akapenya majani, akainua macho. Katika majani mapana ya mistafeli kulikuwa na viota vya maji moto, vinne, vitano, saba. Walikuwa wamevuka wenyewe kutoka mti wa mpakani, bila gunia. Akainama akatafuta sisimizi weusi. Mle ndani ya majani walikuwa wachache mno; wale hupenda ardhi tupu.

"Mnali! Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Nani angemuuliza mvivu?"

Halafu akaushika mstafeli mmoja kwa kiganja. "Kila jioni nilikuwa nakaa chini ya huu, nikizungumza na Esha. Sasa hivi naweza bado, wakinishukia mmoja mmoja nawafuta. Wakizidi, sitaweza kukaa tena." Akakiondoa kiganja. "Waache wazidi."

Basi kazi ikaanza upya. Likwati, na jicho lake moja, akasokota kamba za magome. Akafunga kamba kutoka mstafeli kwenda mkorosho, kutoka mkorosho kwenda mkorosho, mpaka mikorosho yote arobaini na sita ikashikana mikono. Siku kumi na saba alipanda na kushuka. Watu walimuuliza, "Sasa unaamini?" Akawajibu, "Siamini. Nafunga kamba."

Somoe naye akaenda kumkabili mama. "Mama, mwaka huu tusilime chini ya miti."

"Nini?"

"Tuache nyasi."

Bi Nangumbi alipiga kelele siku nzima. Aliita shamba lake pori, akamwita binti yake adui. Lakini asubuhi mama alipomtuma kibarua na jembe, kibarua alimkuta Somoe amesimama njiani, mikono kiunoni, na akarudi alikotoka. Akaja wa pili, akarudi. Akaja wa tatu, akarudi.

Nyasi zikapanda. Maji moto wakatembea juu ya kamba kama watu waendao mnadani, wakienda, wakirudi, wakienda. Mti wa kwanza ukapata kiota. Mti wa pili ukapata kiota. Mbu wa mikorosho akija, anadakwa. Akija tena, anadakwa. Machipukizi yakafunguka bila doa, maua yakashika, na mabibo yakaning'inia, mekundu na ya manjano, kila bibo na korosho yake chini.

Siku ya miadi aliyowekewa na Bi Nangumbi, mchoma mkaa alifika na shoka begani. Aliondoka na kikapu cha mabibo, na maji moto watatu ndani ya kola ya shati lake.

Hapo Bi Nangumbi akawaita wanawe watatu, na majirani wawe mashahidi. Mapajani alikuwa na panga la marehemu mumewe, ambalo kwao ndilo alama ya mwenye shamba.

"Miti imepona," akasema. "Neno langu ni moja. Semeni."

Likwati akasema, "Mama, mimi nilibeba. Maarifa hayana miguu. Yangebaki mpakani kama si mgongo huu. Niliungua usoni na sikulitupa gunia. Nikafunga kamba katika kila mti. Somoe alitoa wazo, mimi nimetoa jicho. Jicho halioti tena."

Mnali akasema, "Mama, mlichobeba kilikufa. Kilichoishi kiliishi kwangu. Kama ningekutii miaka miwili iliyopita, leo pangekuwa hapana mstafeli, hapana nyasi, hapana chungu wa kuvuka kamba ya mtu. Nilitukanwa, nikavumilia. Na pale nilipokuwa nakutana na mke wangu, sasa hapakaliki."

Likwati akadakia, "Wewe hukulinda shamba! Ulikuwa unalinda kumbukumbu yako!"

"Na wewe hukuamini hata siku moja!" akajibu Mnali. "Ulikuja na moto!"

Kisha wote wakamgeukia Somoe.

Somoe akasimama. "Mama, mimi niliona. Miaka mitatu mlipita chini ya mti ule mkijikuna, hakuna aliyeinua macho. Chungu walipokufa, nyote mlirudi nyumbani. Mimi nilirudi shambani. Nilikuzuia wewe mwenyewe usiue tulichopanda. Na niliitiwa nyumba, nikaikataa. Kaka ana pa kulala, mdogo wangu ana pa kulala. Mimi sina pengine."

Alisema hayo kwa sauti thabiti. Lakini alipokaa aliutazama uso wa Likwati, lile jicho lenye ukungu, na gunia likamrudia moyoni. Akaongeza, kwa sauti ambayo majirani wa nyuma hawakuisikia, "Na gunia nililichagua mimi."

Jirani mmoja akasema, "Ligaweni mara tatu, yaishe."

"Litagawika vipi?" akauliza Somoe. "Hao chungu ni ukoo mmoja. Ukikata kamba ya mpaka, wa upande huu wanakufa. Mmoja wetu akilima uwanja mweupe kwake, sisimizi wanarudi kwa wote. Na juu ya hayo kuna kiapo cha baba."

Majirani nao wakaanza. Wanawake wengi wakasema ni Somoe. Wabebaji na wakwezi wakasema Likwati, kazi ni mwili. Bibi mmoja aliyezika waume wawili akasema Mnali, na akakataa kueleza kwa nini. Kelele zikapanda mpaka Bi Nangumbi akapiga ubapa wa panga kwenye kiti. Wakanyamaza.

Akaliinua kwa mpini. Akanyoosha mkono kuelekea walipokaa watatu wale, bega kwa bega juu ya mkeka mmoja. Hakuna aliyesogea. Panga lile ni zito.

Haya, nyinyi mliokuwa mkisikiliza, msiniangalie mimi. Mimi si mzazi wao. Yupo aliyeona, yupo aliyebeba, yupo aliyehifadhi. Panga ni moja, na mkono wa Bi Nangumbi unachoka.

Je, amkabidhi nani?