Degedege Isiyokuwa na Ukoo

Soma hadi mwisho. Ni fupi, na usipoituma kwa watu kumi hutapatwa na lolote.

Mtoto Niwaeli, wa miezi kumi na minne, alipata degedege mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya pili hakuwa hata na joto kali. Mama yake, Nakijwa, alimkimbiza hospitali ya wilaya, mumewe akiwa kazini mbali. Wakamfuata watu wawili wasiokosekana kwenye jambo: baba mkwe wake, Mwalimu Sefania, mkuu wa shule mstaafu, na mama yake mzazi, Bibi Ndeshi.

Mtoto alipotulia, daktari akauliza, "Kwenye ukoo, upande wowote, kuna aliyewahi kupata degedege utotoni? Au kifafa?"

Mwalimu akakohoa. "Kwetu hakuna. Ukoo wetu ni safi."

"Na wetu ni safi zaidi," akadakia Bibi Ndeshi.

Huko kwao, kabla posa haijakubaliwa, kila upande huuchunguza mwenzake: kuna wachawi? Wezi? Kuna wanaoanguka kifafa? Wazee hawa walishaapiana mbele ya mashahidi. Sasa wamekalishwa benchi moja.

"Haya, naandika hakuna," daktari akasema. "Mnakaa mbali?"

"Mwendo wa saa tatu," Nakijwa akajibu, "gari likipatikana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mtoto akianza mdogo hivi, tena kwa homa ndogo, degedege huweza kumrudia. Kama ndugu wa karibu aliwahi kuipata, uwezekano unazidi. Nina dawa chache za dharura za kukaa nazo nyumbani, nawapa walio kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo nauliza tena. Na mzee wangu, mimi sikuja kuposa."

Mwalimu aliutazama mkono wa mjukuu wake, umefungwa plasta, mdogo kama kijiti.

"Baba yake," akasema polepole. "Mara nne, kabla hajafika miaka mitatu. Tulisema ni minyoo."

Nakijwa akageuka. "Baba! Na mwezi mzima mnaniambia nimemlaza mtoto kwenye upepo?"

Aliyejibu ni Bibi Ndeshi.

"Si nilisema! Ukoo ule mimi tangu mwanzo—"

Akakatisha. Binti yake alikuwa anamtazama.

"Mama, mbona umenyamaza?"

Bibi akavuta khanga yake. "Wewe mwenyewe," akasema. "Mara mbili. Watu tuliwaambia unaota meno."

Daktari akafuta neno "hakuna", akaandika upya, pande zote mbili. Kisha akampa Nakijwa dawa ile, akamfundisha kuitumia kwa njia ya haja kubwa degedege ikifika dakika tano, na asimtie mtoto kitu mdomoni.

Wiki tano baadaye degedege ikarudi, mchana kweupe, jikoni. Jirani alikuja mbio na kijiko cha kumtia mtoto mdomoni. Nakijwa akamwambia akirudishe kwenye sufuria. Akamlaza mwanawe ubavu, akatazama saa. Ilipofika dakika ya tano mtoto bado anatetemeka, akampa dawa. Gari lilipopatikana, Niwaeli alikuwa amelala, anapumua vizuri.

Funzo: Hakuna ukoo msafi, kuna ukoo unaosema na ukoo unaoficha. Ukificha maradhi ili kulinda jina, anayeumia ni mtoto ambaye hilo jina lenyewe hajaweza kulitamka.